Taa ya Kumridhisha Kiziwi

Uligeuza uso. Usinikatize, na usijifanye unatafuta kitu mfukoni. Jumatano mchana, kwenye banda la nyuma ya gereji, ulikuwa umesimama na wenzako mikono kifuani. Kijana wa watu akakuuliza swali jepesi kuliko yote uliyowahi kuulizwa, nawe ukaitazama sakafu kana kwamba sakafu ndiyo iliyoulizwa. Nitakueleza yote tangu mwanzo, maana nakujua: yakishatokea utasema hukujua. Utasema ulikuwa unapita tu. Mtaa huu hauna wakazi, una wapita njia watupu.

Ukuta wa chekechea ulipoanza kuinama, mlikuwa mnapita. Niliuwekea mkono mbele yenu nikasema, ukuta huu unapumua. Mkasema huyu mama ana maneno kama redio ya jirani. Ulipomwangukia mtoto, nakumbuka nani alilia kwa sauti kuliko mzazi wake. Nakumbuka na nguo aliyovaa, kwa sababu niliishona mimi.

Basi sikiliza. Wale ndugu wawili ni watoto wa marehemu kaka yangu, nimewalea mimi. Mkubwa ndiye mwenye gereji, nanyi mnamwita Rubani, jina alilojipa mwenyewe siku aliponunua miwani myeusi na kofia yenye mabawa ya dhahabu mbele. Rubani ambaye hajarusha hata kishada. Mdogo ni Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyefunga uzazi wa mama yao. Nyinyi mnamwita Bubu, ingawa anaongea kuliko nyinyi, tena kwa sauti kubwa kwa kuwa hajisikii. Kabla hajawa Bubu wenu aliendesha ndege ndogo za kunyunyizia dawa kwenye mashamba makubwa, akipita juu ya mimea karibu kuichana nywele.

Masikio yake yalichukuliwa na mtungi wa kompresa wa gereji ile ile. Ulikuwa umeoza kwa kutu tumboni, na kila aliyekwenda kujaza upepo pale aliona maji yakichuruzika. Kitinda alikuwa likizoni, kaja kumsaidia ndugu yake. Akamwambia, "Kaka, huu mtungi unataka kuzikwa." Kaka akajibu, "Pachika kiraka, wateja wanasubiri." Ulipopasuka, bati la paa lilikunjuka kama karatasi, na kijana akatoka kwenye vumbi akitabasamu, akituuliza kwa nini tunafumbua midomo bila kusema kitu.

Mkasema ni ajali. Ajali haina kiraka.

Tangu siku ile anasoma midomo. Ukitaka kuzungumza naye lazima umkabili, umtazame, ufumbue mdomo kama mtu mwenye nia. Ndiyo maana mtaa mzima umejifunza njia rahisi ya kumfungia nje: mnampa mgongo. Hakuna haja hata ya kunong'ona. Mnamjadili akiwa papo hapo, kwa sauti ya kawaida, kama watu wanaojadili bei ya mbuzi mbele ya mbuzi.

Ndege ilianza kama majivuno ya Rubani na ikaendelea kuwa hivyo. Kiunzi ni mabomba yaliyochomelewa gerejini, mabawa ni mbao na nguo, na nguo yenyewe nimeishona mimi, mshono kwa mshono, nikaivuta ikakaza kama ngozi ya ngoma. Injini imetoka kwenye gari dogo. Viti ni viwili. Nikiwa nashona nilimwuliza Rubani nani ataipandisha mara ya kwanza.

"Si yupo Bubu."

"Usimwite hivyo mbele yangu."

"Hasikii, shangazi."

"Mimi nasikia."

Kitinda alikubali kabla swali halijaisha mdomoni mwa kaka yake. Na hili nalo lijue, usije ukasema alilazimishwa: alitaka. Tangu mtungi upasuke, hakuna mwajiri aliyemtazama bila kumtazama masikio, kama mtu anayekagua tundu kwenye ndoo. Hewani alikuwa mtu. Huku chini amekuwa mzigo wa gereji, wa kushika taa wakati mtu mwingine anafungua boliti. Alikubali, lakini aliweka sharti moja, na sharti lenyewe lilikuwa kwenye dashibodi.

Dashibodi ya ndege ya kujitengenezea huipati dukani. Unaipanga. Kitinda alichukua boksi la televisheni, akalikata kwa umbo lile lile la bati litakalokuja, akalining'iniza kwa kamba mbele ya kiti. Geji kubwa alizikata kwa kuzungushia kifuniko cha chupa ya mafuta ya nywele, ndogo kwa kifuniko cha dawa. Akazibandika kwa ute wa gundi usiokauka, ili aweze kuzihamisha. Geji ya mwendo, geji ya kimo, geji ya mizunguko ya injini, ya oili, ya joto. Kisha akaketi, akafumba macho, akaanza kupeleka mkono mahali penye swichi, kwa sababu mkono wa rubani lazima ujue njia bila kuongozwa na jicho.

Fundi Umeme alikuwa amesimama nyuma yake. Huyu ndiye anayetengeneza nyaya za magari yenu, mwenye mzaha wa kila saa. Kazi yake ilikuwa kumgusa Kitinda bega hili au lile kumwonyesha swichi ipi aitafute. Akamgonga utosini.

"Hiyo ni ya nini?" Kitinda akauliza, macho yamefumbwa bado.

Fundi Umeme akazunguka mbele, akamfumbua macho kwa vidole. "Hiyo ni swichi ya akili. Nimebonyeza, haijawaka."

"Uliifunga wewe, ningeshangaa ingewaka."

Tulicheka wote. Hata Rubani alicheka. Nakwambia haya ili ujue kwamba hawakuwa watu waovu wenye pembe. Walikuwa watu wanaocheka na mtu asubuhi na kumtupa shimoni jioni, wala kicheko hakikuwa cha uongo.

Mzozo wa kwanza ulikuwa redio. Rubani alitaka redio kubwa katikati kabisa, juu, mahali pa heshima.

"Redio?" Kitinda akasema. "Nitaongea na nani, kaka? Na akinijibu?"

"Mgeni rasmi atapiga picha. Ndege bila redio ni pikipiki yenye mabawa."

"Basi iweke gotini. Huku juu nina changu."

Hapo ndipo alipotoa kizibo chekundu cha chupa ya soda, akakibandika kwenye ukingo wa juu wa lile boksi, moja kwa moja mbele ya pua yake.

Ngoja nikueleze kizibo kile kilikuwa nini, maana ndiyo roho ya jambo hili. Ndege ikipungua mwendo kupita kiasi, mabawa yanaacha kuibeba. Haishuki, inadondoka. Kwa hiyo kwenye ukingo wa mbele wa bawa huwekwa tundu dogo. Mwendo ukikaribia ule wa kuua, upepo unalinyonya lile tundu, na honi ndogo iliyo kwenye shina la bawa, karibu na kichwa cha rubani, inalia. Haina betri wala waya. Ukitaka kuijaribu ndege ikiwa chini, unaweka mdomo kwenye tundu unanyonya, nayo inalia kama mbuzi aliyekanyagwa kwato. Rubani alishaiweka, na kila mgeni aliyeingia bandani alionyeshwa. Nawe ulinyonya, nilikuona, ukafurahi kama mtoto na ziwa.

Honi. Kwa mtu aliyepasuliwa masikio na mtungi wa kaka yake.

"Nikiwa natua," Kitinda akasema, "macho yako nje yanatafuta ardhi. Hayarudi ndani kusoma geji. Wewe kaka ungekuwa umekaa hapa, honi ingekuita. Mimi hainiiti. Nataka taa hapa, juu, niione hata nikiwa natazama mbali. Ndani ya bawa, nyuma ya lile lile tundu, tunaweka kijibati, upepo ukikinyonya kinagusa waya, taa inawaka. Ikiwaka nasukuma pua chini. Isipowaka, najua niko salama." Akamtazama kaka yake mdomoni. "Bila taa siruki."

"Utapata taa," Rubani akasema, taratibu, akiumba kila neno ili lisomeke.

Mimi nilikuwa sakafuni na sindano yangu na foronya za viti. Nilisikia vizuri.

Mwenyekiti wa mtaa akaingia kwenye hadithi wiki ile ile. Alikuja gerejini akihema kwa habari: mgeni rasmi kakubali, Jumamosi, atakuja kuiona ndege ya kwanza ya mtaa wetu ikipaa, na akifurahi huenda barabara yetu ikapata lami. Nakumbuka ulivyosema ukisikia neno lami. Ulisema, "Hatimaye." Wanaume wakaanza kuja bandani kwa zamu, kushika vitu ambavyo havikuhitaji kushikwa. Mchora mabango akaitwa, na chini ya mabawa, ili mtu wa ardhini asome, akaandika RUBANI kwa herufi za urefu wa mtu, nyekundu zenye kivuli cha dhahabu.

Kijibati cha Kitinda kilitakiwa kukaa ndani ya bawa, pale pale ilipoanzia herufi ya kwanza.

Nilikuwepo Fundi Umeme alipolisema. Kitinda alikuwa benchi la pembeni, anakata matundu ya geji kwenye bati la alumini. Hao wawili wakampa migongo.

"Bosi, ile swichi ya bawani bado. Inabidi tuchane nguo."

"Tuchane wapi?"

"Hapo kwenye R."

Rubani akacheka, kicheko cha puani. "Nichane jina langu?"

"Anasema bila taa haruki."

"Mpe taa, basi."

"Taa bila swichi itawakaje?"

"Wewe fundi umeme wa magari au wa mishumaa? Taa ya chaji kwenye gari inawakaje? Ukifungua ufunguo inawaka, injini ikishika inazimika. Iunge hivyo. Ataiona inawaka, ataiona inazimika, ataridhika."

Fundi Umeme alimtupia Kitinda jicho juu ya bega. Nataka useme kwa haki kwamba alimtupia jicho. Kisha akasema, "Hiyo kali, bosi," na mdomo wake ulikuwa umeanza kutabasamu.

Niliinuka. "Nitaichana mimi hiyo nguo. Nitaishona mimi. Mshono hautaonekana."

"Rangi, shangazi! Rangi haishonwi."

"Mchoraji si yupo?"

"Mchoraji kesho anaondoka. Shangazi, tafadhali, na heshima zote. Shona viti."

Na nyuma yetu msumeno wa Kitinda ulikuwa unakata alumini kwa uangalifu wa mtu anayemkata mtoto kucha. Alikuwa anapiga mluzi. Hajui kuwa anapiga mluzi ovyo. Tuni imemtoka akilini miaka, imebaki pumzi tu.

Angalia ubaya wenyewe ulivyo. Yule kijana amekaa gerejini miaka, ameyafungua magari yenu yote. Katika gari, taa ya onyo inayowaka ukifungua ufunguo ndiyo ushahidi kwamba ni nzima. Fundi yeyote wa gari anaiangalia hiyo kwanza: imewaka, imezimika, taa iko sawa. Walimdanganya kwa lugha ya kazi yake mwenyewe. Mtu asiyejua magari angeuliza maswali. Yeye aliona kile alichozoea kukiamini, akaamini.

Bati lilipofungwa, Fundi Umeme akakaza skrubu zote na bisibisi akaitia mfukoni. Kitinda akaketi, akafungua ufunguo. Taa ikawaka nyekundu pale pale ilipokuwa kizibo. Akaishika ukingoni kwa kidole, injini ikawashwa, taa ikazimika, injini ikazimwa. Akatoka nje, akataka kuhakikisha, akaenda kwenye bawa akanyonya tundu, akauliza kwa kupaza sauti kutoka kule ambako dashibodi haionekani, "Imewaka?"

Fundi Umeme aliyekuwa amekaa ndani, mbele ya taa iliyozimika, akatoa mkono dirishani akanyanyua dole gumba.

Nilimvuta Kitinda pembeni. Nikamshika mashavu, nikamwambia uso kwa uso, "Taa yako imeungwa kwenye ufunguo. Bawani hakuna kitu. Wamekudanganya, mwanangu."

Alinisoma mdomo mpaka mwisho. Kisha akacheka, kwa ile sauti yake kubwa isiyojijua. "Shangazi! Inawaka! Umeiona inawaka!"

"Inawaka kama ya gari."

"Ndiyo, inajipima. Kaka kanieleza. Shangazi wangu, wewe ni fundi wa nguo."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ndivyo mlivyofundishwa. Na asiyesikia kabisa, mlifundishwa mfanye naye nini?

Nilitoka nikapita nyumba kwa nyumba. Ulinifungulia mlango, ukaniambia nikae, nikakataa kukaa. Nikakwambia, njoo Jumatano mchana bandani, uwe shahidi. Ukaja. Mlikuja wengi, na Mwenyekiti akaja. Mlikuja mkidhani ni tamasha, na sikuwaambia si tamasha.

Nikamwomba Kitinda akae kwenye kiti aiangalie taa tu, asitazame kingine chochote. Akakubali kunifurahisha, akakaa, akafungua ufunguo kuiona ikiwaka, Fundi Umeme akawasha injini, taa ikazimika, injini ikazimwa ufunguo ukiwa bado wazi, na taa haikurudi, kwa kuwa Fundi Umeme aliiunga isiwake tena mpaka ufunguo ufungwe na kufunguliwa upya. Walikuwa wamelifikiria hata hilo. Nikaenda kwenye bawa. Nikapiga mdomo wangu kwenye tundu mbele ya mtaa mzima, mwanamke mzee mwenye magoti mabovu, nikanyonya.

Honi ikalia. Ikalia mpaka njiwa wakaruka juu ya paa.

Kitinda hakupepesa. Alikuwa anaitazama taa, na taa ilikuwa giza. Akanitazama kwa huruma. "Shangazi, hujanyonya vizuri."

"Imelia!" nikamwambia, nikienda mbele yake anione mdomo. "Imelia, na taa haikuwaka!"

Akageuka. "Kaka, imelia?"

Rubani akatikisa kichwa. Hapana.

"Fundi, imelia?"

Fundi Umeme akatikisa kichwa. Hakutabasamu safari hii, lakini alitikisa.

Ndipo Kitinda akainuka nusu kwenye kiti, akakutazama wewe. Alikutazama mdomoni, kwa kuwa ndipo sauti yako iliko kwake. Akakuuliza, "Imelia?"

Unajua ulichofanya. Nimeshakisema.

Nikarudi kwenye bawa nikanyonya tena, kwa nguvu, mpaka nikaona nyota. Ililia ndefu kuliko mara ya kwanza. Kulikuwa na mama ana mtoto mgongoni, mtoto akashtuka usingizini akaangua kilio kwa hofu ya ile sauti. Kitinda akamwona mtoto. Akamwona! Akanyoosha kidole, "Mbona analia?" Na yule mama akageuka haraka, akampa mgongo, akaanza kumbembeleza mtoto akielekea mlangoni, kumbembeleza mtoto wake kwa kumwacha mtoto wa mwenzake.

"Weka mkono kwenye honi!" nikampigia kelele, nikimwonyesha kwa ishara, juu ya kichwa chake, penye kifuniko cha shina la bawa. "Gusa hapo! Utaihisi ikitetemeka!"

Akainua mkono. Rubani akaudaka kwa upole, kama unavyomzuia mtoto jiko la moto, akamwambia akiumba maneno, "Usiguse. Rangi mbichi."

Na Kitinda akaurudisha mkono. Kwa ajili ya rangi. Anayaheshimu mambo ya kazi.

Mwenyekiti akasogea, akasimama mahali anapoonekana vizuri, akasema kwa kituo, "Mwanangu, shangazi yako amechoka. Umri. Tumwonee huruma." Watu wakaitikia kwa vichwa. Kwa hilo mlikuwa na vichwa.

Nikamfuata Rubani mpaka benchi, tukiwa tumempa Kitinda migongo, na mimi safari hii, Mungu ananiona, maana kule ndiko kaka yake alikoenda.

"Akijua, haruki," Rubani akasema. "Asiporuka, Jumamosi namwonyesha mgeni nini?"

"Ruka wewe."

"Mimi nina watoto, shangazi."

Alilisema wazi, wala hakushusha sauti. Wa mbele wote mlisikia. Mimi nina watoto. Nikamwambia, "Na yeye ana mimi." Akanitazama kama mtu anayeonyeshwa noti iliyochanika.

Tangu siku hiyo nimekatazwa kuingia bandani. Kitinda mwenyewe alikuja kuniambia, kwa adabu, akasimama mlangoni kwangu. "Shikamoo, shangazi. Kaka anasema usije mpaka Jumamosi. Usinikasirikie. Nitakupungia bawa." Nikamwambia tena, kwa mdomo, kwa mikono, nikamchorea kwa chaki ya kushonea sakafuni: ufunguo, waya, taa, na bawa lisilo na waya. Alichuchumaa akautazama mchoro kwa muda mrefu. Nikadhani nimempata. Kisha akasema, "Lakini shangazi, watu wote wale. Kama ingelia, si mmoja angeniambia?"

Hilo ndilo lililomfunga. Uongo wa kaka yake angeushuku. Fundi Umeme angemshuku, ni mtu wa mzaha. Kinachomweka kwenye kile kiti kesho ni wewe. Anakuamini. Anadhani katika watu wengi namna ile hakosi mmoja mwema, na kwa kuwa hakuna aliyefungua mdomo, basi shangazi kazeeka.

Nikaenda kwa Mwenyekiti. Akasema tuzungumze baada ya mgeni. Baada ya mgeni kutakuwa na cha kuzungumza, usijali. Mtazungumza matangani, mtasema alikuwa kijana mchangamfu, na mmoja wenu atasema lakini kiziwi naye kwa nini wampe ndege. Nakwambia mapema maneno utakayosema, ili ukiyasema uyatambue kuwa ni yangu.

Kesho ataruka vizuri. Nampa haki yake, ataruka vizuri kuliko ndege yenyewe inavyostahili. Ataizungusha juu ya mabati yenu, mtasoma jina la mtu mwingine chini ya mabawa yake, mgeni atapiga makofi. Kisha atarudi kutua. Macho yatakuwa nje, yanatafuta ardhi. Ni ndege mpya, hakuna aliyewahi kuitua, hakuna anayejua itachoka kwenye mwendo gani. Honi italia juu ya kichwa chake, italia kama ilivyolia Jumatano, na hatakuwepo hata mmoja wa kuisikia. Atatupia jicho ukingo wa dashibodi. Taa itakuwa imezimika, naye atajiambia yuko salama, na atavuta pua juu kidogo, taratibu, kama rubani hodari.

Bado ni Ijumaa. Jua bado liko. Nimetoka kupita nje ya gereji sasa hivi: mlango wa banda uko wazi, Rubani na Fundi Umeme wameenda kuchukua viti vya wageni na turubai. Kitinda yuko peke yake ndani, anafuta vioo vya geji. Mimi hanisadiki tena, nimeshaitwa mzee. Wewe hajakuita chochote.

Usiniambie utamwombea. Usiniambie lami. Usiniambie gari lako liko juu ya jeki pale na Rubani atakuchelewesha. Inuka. Pita kwa jirani yako umchukue, naye alikuwepo. Ingieni bandani, mguseni bega. Fumbua mdomo wako vizuri, usimumunye maneno, umwambie: ililia. Mara zote mbili. Mwambie ulisikia ukanyamaza. Kisha umkamate mkono, uuweke juu ya honi, rangi ikiharibika na iharibike, na mwenzako anyonye lile tundu mpaka kijana aihisi kwenye mifupa ya vidole. Akishajua, kuruka au kutoruka ataamua mwenyewe.

Viti vya wageni haviko mbali. Watarudi. Kimbia.